Skafu haifumwi kwa sindano yoyote na uzi wowote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe dukuduku langu. Hivi karibuni ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani uliwahimiza wanawake wafume skafu majumbani ili wajipatie kipato. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mwandishi akamalizia kwa kusema kwamba anayeanza asijisumbue, achukue sindano yoyote atakayoiona na uzi wowote wenye rangi anayoipenda, mengine atayajua mbele ya safari. Sentensi hiyo imeniletea kina mama barazani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, wamebeba uzi usiofaa kwa kazi wanayoitaka na sindano zisizolingana na uzi huo, na fedha imekwisha kutoka mkononi. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Wengi wanaokuja kujifunza kwangu ni kina mama wa dagaa, wale wanaonunua mzigo mwaloni Kibirizi, wakauanika, wakauza. Mwaka 2024 Serikali ilipumzisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na hilo, ziwa linahitaji kupumua. Lakini vichanja vikiwa vitupu, watoto bado wanakula na ada bado inadaiwa. Sasa tazameni kalenda: miezi hiyo ndiyo ya kipupwe. Huku chini ziwani hatuna baridi ya kutisha, ila ukipanda Manyovu, au ukaenda Kasulu na Heru Juu, asubuhi za Juni na Julai watu wanatoka nje wamejizungushia mashuka shingoni. Wateja wa skafu wako humu humu mkoani, nauli ya gari tu. Kwa mama huyu, basi, kufuma si kazi ya kupitishia jioni. Ameutoa mtaji wa dagaa akauweka kwenye uzi. Akichagua vibaya dukani, ziwa likifunguliwa hana cha kununulia mzigo.

Mpangilio ninaowafundisha ni kinyume cha ule wa gazeti lenu. Rangi naiweka mwisho kabisa. Cha kwanza ni shingo: skafu hii ataivaa nani, na atakuwa wapi akiivaa?

Chukueni mvuvi wa dagaa. Anakaa majini usiku kucha, taa zinawaka, upepo unampiga na maji yanamrukia. Ukimfumia skafu ya pamba, ikilowa inashika maji, inakuwa nzito na inampoza shingo badala ya kumpa joto. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, haifanyi hivyo. Inaweza kunyonya unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mtu hajahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa inaendelea kutunza joto, kwa sababu nyuzi zake zimejikunja zenyewe kwa asili na zinashika hewa katikati. Kwa hiyo kwa mvuvi nasema sufu, au angalau uzi uliochanganywa na sufu. Lakini anayeuza lazima amweleze mnunuzi namna ya kuifua: maji ya baridi au vuguvugu kidogo, sabuni isiyo kali, bila kusugua wala kuisokota. Aikandamize ndani ya taulo kisha ailaze kivulini. Sufu ikikutana na maji ya moto na mikono inayosugua inajikaza, inasinyaa, na hairudi tena ilivyokuwa. Halafu kuna nondo. Mabuu yake hula sufu, na mtu anaweza kufungua sanduku Juni ijayo akakuta matundu. Mimi naziweka zikiwa safi na kavu kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na majani makavu ya mwarobaini.

Mwanafunzi wa Manyovu au Kasulu ni habari nyingine. Skafu yake itaburuzwa, itafuliwa kila wiki kwa sabuni yoyote iliyopo, na itaanikwa juani. Huyo namshauri akriliki. Wapo wanaoidharau akriliki kwa kuwa inatengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Mimi siidharau. Ni nyepesi, bei yake inabebeka, rangi zake haziishi, nondo hawaigusi, na inakauka haraka. Nina maonyo mawili tu. Pasi ya moto ikiigusa inalegea na kulala, na uhai ule wa kuvutika na kurudi hauipati tena. La pili ni zito zaidi: akriliki ikishika moto inayeyuka, na kile kinachoyeyuka kinanata kwenye ngozi. Mama anayeinama kupuliza kuni alfajiri akiwa amevaa skafu ndefu inayoning'inia kifuani yuko hatarini. Nawaambia wanafunzi wangu wasimwuzie mtu skafu ya akriliki bila kumwambia aivue au aifunge nyuma anapokaa jikoni. Hilo halipunguzi biashara hata kidogo.

Pamba ninaipenda kwa mtu wa mjini hapa, au msafiri wa treni ya usiku kwenda Tabora anayetaka kitu cha kujikinga na upepo wa dirishani bila kutokwa jasho. Haiwashi ngozi, inapendeza, inavumilia kufuliwa. Lakini haina mvutano: ukiivuta hairudi kama sufu, na kwa uzito wake skafu inazidi kurefuka kadiri inavyovaliwa. Ukifuma kwa pamba fuma fupi kidogo kuliko urefu unaoutaka.

Na hapa kuna jambo linaloniuma. Pamba inalimwa jirani zetu kabisa, Igunga na Nzega, mkoa wa Tabora. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inasafirishwa nje ikiwa marobota, haijawa uzi. Mimi nikizunguka maduka ya Kigoma kutafuta uzi wa kufumia wa pamba tupu narudi mikono mitupu mara nyingi, huku rafu zimejaa akriliki iliyovuka bahari. Waandishi wenu wa uchumi wangelifuatilia hilo wangetusaidia wengi.

Utajuaje uzi ni wa nini? Ungeambiwa na karatasi iliyozungushiwa bonge. Karatasi hiyo ndogo ina kila kitu: uzi umetengenezwa kwa nini, uzito wa bonge kwa gramu, urefu wake kwa mita, unene wa sindano inayopendekezwa, vitanzi vingapi vinaingia katika sentimita 10, namna ya kufua, na namba ya mkupuo wa rangi. Kwetu huku, baadhi ya wauzaji wanaivua. Wanafungua mabonge makubwa, wanayagawa kuwa madogo, wanayatia kwenye mifuko ya nailoni, na mteja anauziwa rangi tu. Kuna mama alihakikishiwa dukani kwamba uzi alioununua ni sufu halisi, akalipa bei ya sufu. Alipouleta kwangu tukawasha kiberiti.

Jaribio la kiberiti kila mfumaji analiweza. Kata kipande cha uzi kirefu kama kidole, kishike kwa kibano au koleo dogo juu ya sahani ya bati, mbali na nguo, kisha kisogeze kwenye moto. Sufu inawaka kwa shida na hujizima moto ukiondolewa, inatoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake meusi yanasagika ukiyabinya. Pamba inawaka upesi, inanukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki inayeyuka huku inawaka, inatoa moshi mweusi, na mwishoni inaacha punje nyeusi ngumu isiyosagika. Uzi wa yule mama uliacha punje nyeusi. Muuzaji simtaji, na pengine naye aliuziwa hivyo hivyo. Lakini mama alikwisha kumwahidi mvuvi skafu ya sufu.

Namba ya mkupuo wa rangi watu wengi hawaijui, na hasara yake huwa inaonekana kazi ikishafika katikati. Kiwandani uzi unatiwa rangi kwa mikupuo. Rangi ikiwa ni ile ile, kila mkupuo unatofautiana kidogo na mwingine. Dukani, chini ya taa, huoni tofauti. Ukifuma nusu ya skafu kwa bonge la mkupuo mmoja na nusu kwa la mkupuo mwingine, ukaitoa juani, mstari wa mpaka unaonekana wazi. Kwa hiyo nunua uzi wote wa skafu moja siku moja, na namba ziwe zinalingana. Kama karatasi hakuna, toka na mabonge hadi mlangoni uyaweke pamoja kwenye mwanga wa jua kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa usitoke nayo, nenda duka lingine.

Sasa unene. Bila karatasi, tumia rula. Zungusha uzi kwenye rula bila kuuvuta na bila kuubana, mizunguko ikae bega kwa bega, kisha hesabu mizunguko mingapi imeingia katika sentimita 2.5. Ikiingia 14 au zaidi, uzi huo ni mwembamba, na sindano yake ya kawaida ni ya milimita 3 na ushei. Ikiwa kati ya 11 na 13, huo ni uzi wa kati, ndio ulio mwingi madukani, na karatasi yake kwa kawaida ingesema sindano ya milimita 4. Ikiwa 8 hadi 10, huo ni mnene, sindano ya milimita 5. Chini ya hapo unahitaji milimita 6 na kuendelea. Kwa anayeanza napendekeza uzi wa kati au mnene, uliosokotwa vizuri, laini bila vinyweleo, wa rangi nyepesi ya kumwezesha kuona kila kitanzi. Uzi mweusi na ule wenye manyoya mengi haumwonyeshi kosa liko wapi, hasa nyumba zenye taa moja.

Nimetaja sindano ya kawaida. Kwa skafu naenda juu yake kidogo. Sindano inayoandikwa kwenye karatasi imekusudiwa sweta, vazi linalotakiwa kushika umbo mwilini. Skafu inatakiwa ijikunje, izunguke shingo, ining'inie vizuri, na iwe na nafasi za kushika hewa. Uzi wa kati wenye sindano ya milimita 4 naufumia skafu kwa milimita 5. Uzi unakuwa huru, kazi inakwenda haraka, na mabonge yanafika mbali zaidi. Hapo ndipo ushauri wa sindano yoyote unapoleta madhara makubwa kuliko pote.

Huku kwetu vijana wengi wamejifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, na ninawaheshimu, mikono yao ni mahiri kweli. Lakini spoku ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi. Mama mmoja aliyesoma ukurasa wenu alichukua spoku hizo, akanunua uzi mnene, akafuma kwa bidii wiki nzima. Kilichotoka ni kitambaa kigumu kama mkeka. Hakikunjiki shingoni, kimekula uzi mwingi ajabu, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kulazimisha vitanzi. Akaniambia yeye hana kipaji. Mhariri, mama yule ana kipaji. Mistari yake ilikuwa imenyooka, vitanzi vyote sawa. Tulifumua, tukaosha uzi, nikampa sindano za milimita 6, akafuma skafu ambayo binti yake ameng'ang'ania isiuzwe. Kama mtu kweli hana njia ila spoku, basi za pikipiki, ambazo nyingi ni za milimita 3 hadi 4, ni afadhali, tena kwa uzi mwembamba, na ncha zisuguliwe kwenye jiwe mpaka zisichome.

Mtego mwingine ni namba zilizopigwa kwenye sindano. Sindano zinatufikia kutoka pande zote, nyingine ndani ya marobota ya mitumba, na kila upande una hesabu zake. Ukiokota sindano imeandikwa 8 tu, bila neno lingine, inaweza kuwa vitu vitatu tofauti. Kwa hesabu ya zamani ya Uingereza 8 ni milimita 4. Kwa hesabu ya Marekani 8 ni milimita 5. Kwa hesabu ya milimita ni 8 kweli, sindano nene kabisa. Tena hesabu ya Uingereza ya zamani inakwenda kinyume: namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, hata 14 ni milimita 2, wakati ya Marekani ikipanda sindano inanenepa. Kwa hiyo usinunue kwa kuisoma namba, pima. Nenda kwa fundi seremala mwenye keekee ya umeme, mwombe akutobolee ubao mwembamba au kipande cha plastiki ngumu matundu ya milimita 3, 4, 5, 6 na 8, na aandike pembeni. Sindano inapopita bila kulegea, hiyo ndiyo saizi yake. Ubao huo unatosha mtaa mzima.

Juu ya kilichotengeneza sindano, ninayo maoni thabiti. Za alumini zinateleza. Kwa mkono uliozoea ni raha, kazi inakimbia. Kwa anayeanza vitanzi vinachomoka vyote mtoto akimgonga kiwiko. Za plastiki ni nyepesi na rahisi, lakini nyembamba zake zinapinda. Za mwanzi ndizo ninazompa kila mwanafunzi mpya, kwa kuwa zinashika uzi kiasi, zina joto mkononi, na hazipigi kelele mtoto akiwa amelala. Na za mwanzi si lazima ununue. Chagua mwanzi mkavu kabisa wenye ukuta mnene, upasue vipande, uchonge, kisha uvipitishe kwa nguvu kwenye tundu la milimita 5 lililotobolewa katika kipande cha chuma, ukivute tena na tena mpaka kiwe duara safi. Sugua kwa msasa, kwanza wa kukwaruza kisha ule laini, ncha iwe ya mviringo isiyopasua uzi. Malizia kwa nta ya nyuki, ambayo katika mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, haijawahi kuadimika, ukiifuta kwa kitambaa hadi uzi usikwame. Kichwani gundisha kifungo cha shati kubwa ili vitanzi visitoke nyuma. Urefu wa sentimita 30 unatosha skafu. Kuna kijana hapa mtaani anazitengeneza nzuri kuliko nyingi za dukani, na ningependa wengine waige.

Sindano mbili zilizounganishwa kwa waya nazo ni nzuri, japo watu wanadhani ni za kofia tu. Unaweza kufuma nazo skafu kwa kwenda na kurudi vile vile, na uzito wa kazi unalala mapajani badala ya kuning'inia viganjani. Kina mama wenye maumivu ya vifundo vya mikono wazijaribu.

Kabla ya kuanza skafu yenyewe, fuma kipande cha majaribio. Najua kinachosha, kila mwanafunzi anataka kuruka hapo. Anzisha vitanzi 20, fuma mpaka upate karibu mraba, kisha kikunje, kizungushe shingoni, kipime kwa rula. Kikiwa kigumu panda saizi moja ya sindano. Kikiwa na matundu ya kupitisha kidole, shuka. Ukisharidhika, hesabu vitanzi vilivyoingia katika sentimita 10 na uzidishe kwa upana unaoutaka. Kwa uzi wa kati na sindano ya milimita 5, mikono mingi inapata vitanzi 18 hivi katika sentimita 10, kwa hiyo skafu ya upana wa sentimita 20 inaanza na vitanzi 36. Fuma mistari yote kwa namna moja, kwenda na kurudi. Kitambaa kinakaa bapa. Ukifuma upande mmoja laini kama sweta, kingo zitajikunja kwa ndani na hakuna pasi itakayozinyoosha. Urefu wa sentimita 160 unatosha mtu mzima. Akriliki ya kati huwa na mita 250 hadi 300 katika gramu 100, na gramu 200 zinakufikisha.

Nimeacha kwa makusudi njia ninayoipenda zaidi, maana inahitaji maelezo. Uzi mzuri wa sufu ambao hauonekani madukani Kigoma upo kwenye mitumba. Sweta kubwa la sufu, lenye doa kifuani au tundu kwenye kiwiko, linauzwa rahisi kwa kuwa hakuna anayetaka kulivaa. Tafuta lebo shingoni au ubavuni inayosema ni sufu asilimia ngapi. Kisha ligeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, liache, kwa sababu kila mstari umekatwa na utapata vipande vifupi tu. Kama kingo ni nzima, zimeunganishwa na uzi unaopita kama mnyororo, hilo ndilo. Litazame pia kama halijasinyaa. Ukiona vitanzi vimegandana na huwezi kuvitenganisha kwa ukucha, limeshaharibiwa na maji ya moto na halifumuki.

Nyumbani, fungua mishono ya ubavuni na mabegani, tenganisha mikono na kiwiliwili, kisha anza kufumua kutoka juu, kwa sababu masweta mengi yamefumwa kutoka chini kwenda shingoni na mwisho wa uzi uko huko. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti ukiwa unafumua. Funga bunda sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine lisije likavurugika, liloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, lisuuze, kisha litundike kivulini ukiwa umening'iniza kitu chepesi chini yake. Yale mawimbi ya ufumaji wa zamani yanakwisha. Uzi wa sweta la kiwandani mara nyingi ni mwembamba, basi ushike nyuzi mbili au tatu pamoja kama uzi mmoja, uzipime kwenye rula kama nilivyoeleza. Skafu nilizoziona zikidumu kuliko zote kwa wavuvi wa Kibirizi zimetokana na masweta ya namna hiyo, na gharama yake haikaribii hata nusu ya uzi mpya wa sufu.

Kwa kina mama walio kwenye vikundi, kumbukeni kwamba halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya asilimia hizo 10, 4 ni za wanawake. Andiko la kikundi kinachotaka kununua katoni nzima ya uzi wa mkupuo mmoja, lebo zikiwepo, linaeleweka kirahisi kuliko la kila mama kununua bonge moja moja. Wenye maduka nawaomba jambo moja tu: hata mkigawa bonge, wekeni karatasi yake au nakala yake mle mfukoni. Mteja anayejua alichonunua atarudi kununua kile kile.

Na kwenu, Mhariri, ombi langu ni hili. Toleo lijalo la ukurasa wa mambo ya nyumbani, chapeni pembeni rula ya sentimita 10 na safu ya miduara myeusi yenye kipenyo halisi cha milimita 3, 4, 5, 6 na 8, kila mmoja na namba yake. Miduara hiyo haihitaji ukubwa zaidi ya tangazo la kupotelewa na cheti. Msomaji wa Manyovu asiye na seremala wala duka karibu ataikata kwa mkasi, atoboe kila mduara kwa kufuata ukingo wake, na apimie sindano aliyonayo kabla hajatoa fedha ya uzi. Naomba tu mchapaji asiipunguze wala kuikuza picha hiyo, na mwandishi wenu aipime kwa rula kwenye nakala iliyochapwa kabla gazeti halijatoka.

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Mwanga, Kigoma